Kuonyana Bila Kuumbuana

Toleo la mwezi jana tuliwaomba wasomaji wetu wa Uganda watuandikie kuhusu kuwajibishana kati ya waamini: kuonyana, kuungamiana dhambi, kurudishana njiani. Barua zimekuja kutoka Arua hadi Isingiro. Ukizisoma kwa mkupuo utaona ugonjwa mmoja wenye sura mbili. Ama neno limefika kwenye masikio yasiyohusika kabla ya kumfikia mwenyewe, ama limefungiwa chumbani wakati lilipaswa kufika kituo cha polisi. Barua tumezifupisha, majina tumeyaondoa.

Wanaume tisa, na hakuna aliyejua

*Tuko wanaume tisa wa kanisa moja. Kila Alhamisi jioni tunakutana "kutembea nuruni". Zamu ikikufikia unasema, "Nampenda Yesu, naendelea vizuri, mniombee." Mwezi uliopita mwenzetu mmoja amegundulika ana nyumba ndogo Koboko, mwaka wa pili sasa. Tulikosea wapi? – Ndugu wa Alhamisi, Arua*

Ndugu zetu, kabla ya kutafuta dhambi, tazameni saa. Mkikutana dakika 90, na nyimbo na Neno vikila 30, kila mtu anabakiwa na dakika zisizotimia saba. Katika dakika saba mtu mzima hawezi kusema jambo lililomshinda. Atasalimia tu. Jigaweni watatu watatu. Kila mmoja apewe dakika 18, kumi za Neno mwanzoni, kumi za kuombeana mwishoni, na ndani ya saa moja na robo mmemaliza. Simu zikae chumba kingine. Wote tisa mnaweza kukutana mara moja kwa mwezi kuimba na kula pamoja, lakini msitarajie mtu kuungama mbele ya watu wanane.

Na msidhani kundi dogo ni jambo la kigeni kwa walokole. Septemba 1929, pale Namirembe, walikaa watu wawili tu, Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church aliyekuwa akihudumu Gahini, Rwanda, wakasoma Maandiko na kuomba pamoja. Mikutano ya maelfu, na wimbo wa "Tukutendereza Yesu" ambao leo unaimbwa hadi Tanzania, vilikuja baadaye. Ushuhuda nao ukishakuwa na maneno yaleyale kila wiki unageuka wimbo wa kukariri. Mtu anaweza kuuimba vizuri akitokea Koboko asubuhi ileile.

Kosa la pili ni swali lenyewe. "Unaendeleaje?" ni salamu, na salamu hujibiwa kwa salamu. Katika lugha yetu mtu huulizwa habari za nyumbani akajibu "nzuri", ndipo aseme kuna msiba. Ulizeni maswali yenye siku, mahali na hesabu. Tangu Alhamisi iliyopita, ni pesa gani imepita mkononi mwako ambayo mkeo haijui? Baada ya saa nne usiku simu yako umeitumia kuangalia nini, na siku ngapi? Umelala nje ya nyumba lini, wapi, kwa shughuli gani? Nani mmepishana njiani ukageuza uso? Na la mwisho, ambalo mwanzoni litawachekesha: katika haya uliyotujibu leo, lipi hukulisema lote? Maswali yawe matano au sita, yaandikwe, wote wayakubali kabla ya kuanza, na anayeuliza naye aulizwe. Asiyekubali kuulizwa hana ruhusa ya kuuliza.

Mtu anapoungama, ataje dhambi kwa jina lake: "nimezini", "nimeiba", "nimedanganya". "Nimepitia majaribu" haimwambii mtu kitu. Lakini asitaje jina la mtu wa pili, wala asisimulie kiasi cha kuwatia wenzake picha kichwani. Yakobo 5:16 inasema tuungame "mpate kuponywa", na masimulizi marefu hayaponyi, yanaamsha mengine.

Halafu kuna kusikiliza, na hapa ndipo vikundi vingi vinapofia. Kuna anayeshtuka hadi uso unambadilika. Aliyeungama hatarudi tena. Kuna anayekatiza na kisa chake kikubwa zaidi. Na kuna yule mpole wa "hata mimi, sote ni binadamu", ambaye tunamwona ndiye hatari kuliko wote, kwa sababu faraja yake humfanya mwenye dhambi aizoee. Nyamazeni kidogo. Muulizeni, "Unataka tukushike wapi?" Kubalianeni tendo moja lenye tarehe, na mmoja wenu ampigie simu kabla siku mbili hazijapita. Mkingoja hadi Alhamisi, tayari ameshaanguka na ameshajifunza kuficha.

Kuhusu ndugu wa Koboko: mkewe ana haki ya kujua, na anayepaswa kumwambia ni mumewe, si ninyi. Mpeni tarehe, tuseme wiki mbili, na awepo mchungaji au wanandoa wazee wanaoheshimiwa na pande zote. Kabla ya hapo akapime damu kituo cha afya, arudie baada ya miezi mitatu, na katika muda huo asimguse mkewe kana kwamba hakuna lililotokea. Wengine hudhani kutaja kipimo cha Virusi vya Ukimwi kwenye mambo ya kiroho ni kukosa imani. Mwanamke yule ndiye anayebeba gharama ya imani ya aina hiyo. Kama kuna watoto Koboko, matunzo yao yaandikwe katika makubaliano hayohayo.

Pesa ya akina mama

*Mweka hazina wa kikundi chetu cha akiba kanisani amepungukiwa shilingi 640,000. Mwenyekiti anataka asomwe jina Jumapili mbele ya kanisa zima. Wengine wanasema tumsamehe yaishe. – Mama wa Kisenyi, Kampala*

Mama, msianze na lolote kati ya hayo mawili. Anzeni na hesabu. Chukueni daftari, stakabadhi, na taarifa ya laini ya simu mnayowekea pesa, mzipange kwa tarehe, watu wawili wakikaa pamoja. Mara nyingi sehemu ya upungufu ni makato ambayo hakuna aliyeyaandika. Kila pesa inapotolewa kwenye simu serikali inakata kodi ya asilimia 0.5, yaani 5,000 kwa kila milioni, mbali na ada ya kampuni. Kikundi kinachotoa pesa mara kwa mara kwa mwaka mzima kinaweza kupoteza kiasi cha kushangaza bila mwizi yeyote. Mkimwita mtu mwizi kwa 640,000, kisha ikaonekana 90,000 yake ni makato, hata ile 550,000 ya kweli mtashindwa kuizungumza naye.

Baada ya hapo aende mtu mmoja. Asiwe mwenyekiti, hasa kama wawili hao wamewahi kugombana. Aende yule ambaye mweka hazina mwenyewe angemkimbilia akifiwa. Aende na daftari, aanze kwa kuuliza: "Mama, hesabu hizi zimenishinda, hebu zisome pamoja nami." Swali humwachia mtu mlango wa kusema kweli mwenyewe, na ukweli uliosemwa na mwenyewe ni nusu ya toba. Shutuma humpa kazi ya kujitetea. Akikiri, hakuna sababu ya kuongeza watu wa kumhoji. Akikana, siku tatu baadaye warudi wawili au watatu. Mashahidi hao, kama ilivyo katika Kumbukumbu la Torati 19:15, wanamlinda mshtakiwa pia: wakiona hesabu haijathibitika, ni wajibu wao kusema hivyo. Na tafadhali, "lisemwalo lipo" isiingie kwenye kikao hicho. Methali si shahidi.

Malipo yaandikwe. Shilingi 80,000 kwa mwezi zinamaliza deni kwa miezi minane. Kama uwezo wake ni 40,000, ni miezi 16, na hiyo pia ni sawa, maana ahadi kubwa isiyotekelezwa huvunjika mwezi wa pili na kuleta aibu mpya. Nakala mbili, sahihi zake na za wawili wenu. Kitabu cha Hesabu 5:7 kinamtaka mkosaji arudishe mali yote na kuongeza sehemu ya tano, ambayo hapa ingekuwa 128,000. Msimtoze. Zakayo aliahidi mara nne bila kudaiwa na mtu. Nyongeza ikitoka kwake ipokeeni. Mkiidai ninyi, mmefungua duka la riba.

Asomwe Jumapili? Hapana. Kanisa zima halikuibiwa. Waliochanga ndio wenye haki ya kujua kwamba pesa imepungua, kiasi gani, na inarudi vipi. Akiwa amekubali na analipa, inatosha. Akikataa kabisa kusikia hata mashahidi, ndipo jambo liende kwa wazee wa kanisa, na hata hapo liende na karatasi, lisiende na uvumi.

Wanaosema "tumsamehe yaishe" nao wamechanganya mambo mawili. Kusamehe ni leo. Kumrudishia funguo si sehemu ya msamaha. Abaki kikundini, aimbe, apike, hata akifa mmzike ninyi, ila pesa asishike tena. Halafu zibeni tundu lenyewe: pesa ihesabiwe na wawili waliosimama meza moja, iwekwe kabla ya kesho yake jioni, simu yenye laini ikae kwa mmoja na namba ya siri aijue mwingine, na salio lisomwe kwa sauti kila mwezi. Paulo alipokusanya sadaka kwa ajili ya Yerusalemu hakuipeleka peke yake, kwa sababu, anaeleza katika 2 Wakorintho 8:20-21, hakutaka mtu awe na la kuwalaumu, mbele za Bwana na mbele ya wanadamu pia. Kumpa mtu mmoja daftari, simu na namba ya siri, kisha kumwombea asijaribiwe, ni kumtegea.

"Tumwombee dada fulani"

*Je, ni sawa kuweka dhambi ya mtu kwenye kundi la WhatsApp la maombi ili aombewe? – Mbale*

Si sawa, isipokuwa mwenyewe ameandika au ameruhusu maneno hayohayo. Kundi la watu 200 halina siri, picha ya skrini huchukua sekunde moja, na "tumwombee" imekuwa kanga ya kufunikia umbea. Mwombee wewe, kwa jina, chumbani kwako. Kama tayari mtu ameshaweka, msimamizi afute, kisha ampigie aliyeandika. Asimkaripie palepale kundini, la sivyo kosa limekuwa mawili.

Kijana na mzee

*Mimi ni kijana wa steji ya boda boda. Nimemwona mzee wetu wa kanisa mara mbili akitoka kilabuni usiku. Nani nimwonye? Ni rika la baba yangu. – Busia*

Kwanza, kijana wetu, pima ulichokiona. Umeona mtu akitoka mlangoni, au umemwona anapepesuka? Mzee huenda kilabuni kumchukua mdogo wake, kudai kodi ya nyumba, au kunywa. Pili, jua kanisa lenu linasema nini juu ya pombe. Yapo makanisa yanayoikataza kabisa na yapo yanayokataza ulevi tu, na hupaswi kumhukumu mtu kwa sheria ambayo kanisa lake halina. Ulevi, hata hivyo, Waefeso 5:18 inaukataza kwa wote.

Kama umeridhika kuna jambo, 1 Timotheo 5:1 inakuelekeza: mzee usimkemee, mwonye kama baba. Na baba mtu hamwonyi mbele ya mama, wala mbele ya wateja wa steji. Una njia mbili. Ya kwanza ni kumtafuta rika lake anayemheshimu, umwambie yeye peke yake, uishie hapo bila kufuatilia kama amesema. Ya pili ni kwenda mwenyewe, asubuhi, nyumbani kwake, ukaombe nafasi nje chini ya mti. Mshukuru kwa jambo moja la kweli alilokufanyia. Taja siku na mahali: "Baba, Jumanne na Ijumaa usiku nilikuona ukitoka mahali fulani, moyo wangu haukutulia, nikaona nikuulize wewe kuliko kuuliza watu." Kisha nyamaza. Hata akikasirika usijibizane, aga, ondoka. Wazee wengi hukasirika mbele yako na kutubu nyuma yako, na si lazima wakuletee taarifa.

Jambo moja zaidi: abiria wako wasikusikie ukilisimulia. Steji ni redio.

Msichana wa miaka 15

*Msichana wa kanisa letu amesema kiongozi wa vijana alimshika kwa nguvu. Wazee wanasema lazima tufuate Mathayo 18, yaani msichana aende kwanza amwonye kiongozi huyo, yeye na yeye peke yao. – Nakivale, Isingiro*

Hapana. Msimpeleke. Mathayo 18:15 inahusu ndugu aliyekukosa, watu wanaoweza kukaa uso kwa uso. Wazee wafungue sura hiyohiyo mistari tisa juu yake, mstari wa sita, wasome kuhusu mtu anayemkosesha mmoja wa wadogo hawa na jiwe la kusagia shingoni. Mtoto hapelekwi kwa aliyemuumiza.

Fanyeni haya leo. Mtu mzima mmoja anayeaminiwa na msichana amsikilize mara moja, aandike maneno yake kama alivyoyasema, na asimhoji tena; kila anayemrudishia maswali anavuruga ushahidi na kumuumiza upya. Kama kulikuwa na kuingiliwa, afike kituo cha afya kabla saa 72 hazijapita ili apewe dawa za kuzuia maambukizi ya Virusi vya Ukimwi, na asioge wala kufua nguo zile kabla ya kuonwa na daktari. Hata saa hizo zikiwa zimepita, apelekwe tu, matibabu mengine bado yapo. Pigeni 116, laini ya Sauti ya kuwasaidia watoto, ni bure. Toeni taarifa polisi, kitengo cha mtoto na familia. Viongozi wa wakimbizi wa eneo lenu wanaweza kuwasindikiza. Kiongozi huyo asimamishwe kazi ya vijana leo hii, kabla ya uchunguzi, bila kumtangaza mwenye hatia. Na familia zisikae kukubaliana mbuzi au pesa. Chini ya miaka 18 jambo hili ni la sheria ya nchi, na kanisa halina mamlaka ya kulimaliza.

Hilohilo linamhusu dada wa Jinja aliyeandika kwamba kikundi kinamshauri "avumilie na kuombea" mume anayempiga. Uganda ina Sheria ya Ukatili wa Majumbani tangu mwaka 2010, na inamruhusu kwenda kwa LC (baraza la mtaa), polisi au mahakamani. Dada, ondoka kwanza, usalama wako na wa watoto ukishapatikana ndipo mashauri mengine yaanze.

Nyavu

*Nilitengwa na kanisa kwa uzinzi. Nimetubu, mwanamke yule nimemwacha, mwaka umepita. Jumapili benchi langu hukaa mimi peke yangu. – Mvuvi wa Ntoroko*

Ndugu, nenda kwa wazee uulize swali moja: "Adhabu yangu inaisha tarehe gani?" Wakishindwa kujibu, kosa sasa ni lao. Adhabu isiyo na mwisho Paulo hakuikubali. Katika 2 Wakorintho 2:6-8 anawaambia Wakorintho kwamba aliyoyapata mtu yule yatosha, wamsamehe na kumfariji asije akamezwa na huzuni. Na pale Wagalatia 6:1 anaposema mtu aliyeghafilika "mrejezeni upya", neno la Kigiriki ni lilelile ambalo Marko 1:19 inalitumia kwa Yakobo na Yohana wakizitengeneza nyavu zao. Wewe wa ziwani unaijua kazi hiyo kuliko sisi. Nyuzi zilizooza hukatwa kwanza hadi kufikia jicho zima, ndipo fundo jipya lishike. Kukatwa kumeshafanyika, na anayeishia hapo hajatengeneza wavu.

Wazee wanaosoma ukurasa huu: siku ya kumpokea itangazwe pale palipotangazwa kutengwa kwake, kwa sauti ileile. Mkewe, kama bado yupo, aulizwe kabla, maana mwaka huu yeye ndiye aliyeulizwa maswali sokoni. Na watu wawili wapangwe kukaa naye benchi lile Jumapili nne za kwanza. Mkingoja mtu ajisikie kufanya hivyo, hatakaa mtu.

"Msiwaguse masihi wangu"

*Mchungaji wetu akiulizwa kuhusu pesa za ujenzi anajibu kwa Zaburi 105:15. Tufanyeje? – Waumini, Lira*

Zaburi hiyo inawazungumzia Abrahamu, Isaka na Yakobo wakitangatanga, na wanaokatazwa kuwagusa ni wafalme. Daudi, aliyekataa kumgusa Sauli, alimwita mbele ya watu na kumweleza kosa lake (1 Samweli 24). Petro naye alipingwa na Paulo ana kwa ana kule Antiokia. 1 Timotheo 5:19-20 haipokei shtaka juu ya mzee bila mashahidi wawili au watatu, na wanaodumu kutenda dhambi inataka wakemewe mbele ya wote. Mchungaji analindwa dhidi ya uvumi, halindwi dhidi ya hesabu.

Kwa hiyo andikeni barua, ukurasa mmoja. Tajeni kiasi kilichochangwa na tarehe, kilichoonekana kimejengwa, na mnachoomba: taarifa ya mapato na matumizi ndani ya siku 30. Msiweke neno la tabia yake wala la mke wake. Watie sahihi watatu waliochanga wenyewe, mpelekeeni kwanza yeye mkononi, na mbaki na nakala aliyoisaini kuipokea. Siku 30 zikipita kimya, nakala iende kwa aliye juu yake, awe askofu, mwangalizi au baraza. Kama kanisa ni la kujitegemea na juu yake hakuna mtu, ombeni katiba ya kanisa msome nani ni wadhamini na nani wanatia sahihi benki, kisha barua iende kwao. Ikionekana katiba haipo, au wadhamini ni yeye, mkewe na shemeji yake, simamisheni mchango wa ujenzi hadi hapo patakaporekebishwa, na mumwandikie hivyo, kwa upole, na tarehe juu.